Jinsi ya kumweleza mtoto wa Chimala habari za nguva

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Sayansi darasa la sita hapa Mbarali, upande wa Chimala. Kwetu ni Somanga, Kilwa. Ajira ilinileta huku mwaka 2009 nikidhani nitakaa miaka miwili kisha niombe uhamisho. Sasa nasalimia "kamwene" bila kufikiri na nina heka moja ya mpunga.

Naandika kwa walimu wenzangu wa Mbeya, Njombe na Iringa ambao kila wakifika kwenye uhifadhi wa viumbe wa baharini wanaandika mistari mitatu ubaoni na kusonga mbele. Siwalaumu, maana hata mimi mtoto wa pwani nilifanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika: "Serikali inalinda mamalia wa baharini kwa sheria, doria na elimu." Watoto wakanakili. Kwenye jaribio la Ijumaa binti mmoja akajibu kwamba serikali inawalinda nyangumi kwa kuwapa chanjo. Nilimpa sifuri, halafu usiku nikakaa nalo. Kwao wanafuga. Serikali aliyowahi kuiona kwa macho yake ikimlinda mnyama ni bwana mifugo na sindano yake. Alijibu kwa alichonacho, mimi ndiye sikumpa kingine.

Haya ninayoeleza ni ya vipindi vitano au sita, na gharama yake ni kamba, neti kuukuu na vocha ya simu.

Anza na kiboko

Usianze na bahari. Mtoto wa bonde letu la Usangu hajaiona, na picha ya kitabuni yenye rangi iliyofifia haitamwonyesha. Anza na kiboko, ambaye wengi wamemwona au wana babu aliyewahi kukimbizwa naye kule kwenye kinamasi cha Ihefu. Waulize: kiboko ni samaki? Watacheka. Waulize kwa nini si samaki, wakati anashinda majini. Acha wabishane mpaka wenyewe wafike kwenye mambo mawili: anapanda juu kuvuta pumzi, na ananyonyesha.

Hapo ndipo unapowaambia kwamba katika wanyama wote walio hai leo, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko. Wape muda. Kisha ongeza la pili: ndugu wa nguva, mamalia wa baharini anayekula majani, ni tembo. Jike la nguva lina chuchu mbili karibu na makwapa, kama tembo aliyebeba zake katikati ya miguu ya mbele. Kwa hiyo ukoo wote wa watu hawa wa baharini una jamaa zake Hifadhi ya Ruaha, jirani na sisi. Nikishasema hivyo, sina tena kazi ya kuwashawishi kwamba habari hii inawahusu.

Jiandae na maswali mawili ambayo hayakosi. La kwanza: nguva si yule mwanamke mwenye mkia wa samaki? Jibu ni kwamba mabaharia waliona kwa mbali mnyama anayenyonyesha, wakamalizia wenyewe. La pili linatoka kwa watoto wa shule ya Jumapili: mbona Yona alimezwa na samaki, na mwalimu unasema nyangumi si samaki? Mimi husema watu wa zamani walimwita samaki kila anayeishi majini, naendelea. Usiingie kwenye mabishano ya dini saa nne asubuhi na kipindi kina dakika arobaini.

Kamba ya mita thelathini

Nunua kamba ya manila mita 30. Funga fundo la kitambaa chekundu kwenye mita 3, jingine kwenye mita 14, na mwisho acha hivyo hivyo. Tokeni uwanjani. Fundo la kwanza ni nguva mkubwa. La pili ni nyangumi nundu, ambaye ndiye hasa anayefika kwetu: kuanzia Julai hivi hadi Novemba wanapanda kutoka bahari za barafu za kusini kuja kuzalia maji yetu ya joto. Mwisho wa kamba ni nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote. Mtoto wake akizaliwa tu ana mita 7. Wanafunzi wangu hupenda kulinganisha na malori ya Tunduma. Semi likinyooka lote na trela lake, kamba bado inalizidi.

Uzito nao usiutaje kwa tarakimu tupu. Nguva anaweza kufika kilo 400. Siku moja niliwapeleka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikawaonyesha magunia manne ya kilo mia yamepangwa: huyo ndiye nguva, na anakula majani tu, majani ya baharini yaotayo chini kwenye maji mafupi, anayang'oa kama ng'ombe anavyofyeka nyasi. Mwenye mashine alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Mwalimu, nyama yake tamu?"

Nilikuwa na jibu, ila sikulitoa pale. Nimelitoa baadaye, na nawe utaona kwa nini ni sehemu ya somo.

Pumzi na jarife

Kipindi cha tatu ndicho kigumu na ndicho kizuri. Lengo ni waelewe kwamba nguva wetu wengi hawakufa kwa kuwindwa. Walikufa kwa kunaswa.

Nguva hupanda kuvuta hewa kila baada ya dakika mbili tatu hivi. Jarife ni wavu wenye matundu makubwa, wa papa na taa, unaotegwa jioni na kuachwa mpaka alfajiri. Nguva anakuja kula majani, anaingia wavuni, anajizungusha, anazidi kujifunga. Hafi kwa jeraha. Anakufa kwa kukosa hewa, mita chache tu chini ya hewa yenyewe.

Ili walione hilo, chukua neti kuukuu ya goli, mtoto mmoja awe nguva, aingie, ajaribu kutoka bila kutumia vidole, maana nguva ana mapezi. Wengine wahesabu sekunde kwa sauti. Inatosha hapo. Usirudie kosa langu: mara ya kwanza kufundisha hivi niliwaambia wote wabane pumzi nione nani atafika dakika moja. Watoto wa kiume wakafanya mashindano, mmoja akadondoka kwenye dawati akapasuka mdomo, na nikaitwa ofisini kujieleza mbele ya mzazi. Ahesabiwe anayehangaika kwenye neti, na pumzi avute kama kawaida.

Baada ya hapo ndipo ninapowasimulia. Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife. Asubuhi moja mashua yake ilirudi imelala upande, wanaume wakaitwa kusaidia kuvuta. Niliona ngozi ya kijivu, nene, yenye nywele chache chache fupi kama za nguruwe, na macho madogo mno kwa mwili ule. Hakuwa na damu. Kijiji kizima kilipata nyama siku hiyo, na nyumbani tulikula. Ilikuwa kama ya ng'ombe. Bibi yangu peke yake hakula. Alisema kamwona na titi.

Huwa darasa linanyamaza. Mwalimu usiyetoka pwani huna hadithi hii, lakini unayo ya kwako: kuna mnyama fulani ulimwona ukiwa mdogo na sasa hayupo. Isimulie hiyo. Usijitakase. Watoto wakimwona mwalimu amejiweka upande wa wasafi, wanajua kwamba wazazi wao wamewekwa upande wa pili.

Kisha andika ubaoni hesabu hii: nguva hubeba mimba miezi 13 hadi 14, huzaa mtoto mmoja, na huzaa tena baada ya miaka mitatu hadi saba. Anaweza kuishi miaka 70. Waambie wapige hesabu ya jike mmoja maisha yake yote, halafu waondoe mmoja kwa jarife la usiku mmoja. Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 kwa pwani yote hii. Shule yetu ina watoto zaidi ya hao.

Serikali imefanya nini

Sasa sheria. Usiziandike zote. Chagua chache, na kila moja uieleze inafanyaje kazi.

Ya msingi kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 pamoja na kanuni zake za 2009. Nguva, pomboo na nyangumi ni marufuku kuvuliwa. Ya pili ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya 1994, iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822. Ikafuata Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, kisha Silikanti, jina la samaki wa kale, kule Tanga mwaka 2009. Waeleze kwamba hifadhi ya bahari haifanani na Ruaha. Ndani ya Mafia kuna vijiji, watu wanavua. Kilichogawanywa ni maeneo: hapa huvui kabisa, hapa wenyeji kwa zana fulani, hapa kwa kibali. Mtoto anayejua zamu za mfereji analielewa hili haraka kuliko ofisa wa mjini.

Walimu wengi wanachanganya Zanzibar. Uvuvi wa kawaida si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na hifadhi zake, ikiwemo Ghuba ya Menai ya mwaka 1997, ambako Kizimkazi watu waliokuwa wakiwinda pomboo sasa wanawapeleka wageni kuwatazama. Bahari kuu ndiyo ya wote, na mamlaka yake iko Fumba, Zanzibar. Huko nje hatari ni meli kubwa za jodari, na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama, ilikataza mwaka 2013 kumzungushia nyangumi au pomboo wavu kwa makusudi.

Kuhusu nyangumi, nchi moja haitoshi kwa sababu mnyama mwenyewe hana uraia. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa eneo la kutowinda nyangumi, mwaka 1982 mataifa yakapitisha kusimamisha uwindaji wa biashara, ukaanza kutekelezwa 1986. Tanzania ilijiunga na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi mwaka 2008. Hapa mimi sikai sana. Nyangumi nundu wameongezeka tangu waachwe, na hilo watoto wapewe, kwa sababu somo lote likiwa la misiba wanachoka.

Ninapokaa ni kwenye baruti. Kwa miaka mingi pwani yetu ilisifika vibaya kwa uvuvi wa baruti kuliko majirani wote. Mlipuko mmoja unaua samaki wa kila umri, unavunja matumbawe, na pomboo, ambaye anatafuta chakula na kuwasiliana kwa sauti, anaumia masikio. Doria za mashua zilikuwepo muda wote na baruti haikwisha. Mwaka 2015 kikaundwa kikosi kazi cha taasisi mbalimbali, polisi wakiongoza, pamoja na watu wa uvuvi, misitu na wanyamapori. Badala ya kumkimbiza mvuvi baharini tu, wakaanza kuuliza baruti inatoka wapi, nani anaiuza, inapita njia gani. Ndani ya miaka michache milipuko ikapungua sana. Waulize watoto kabla hujawaambia: wewe ungeanzia wapi? Hawa wanaijua baruti ya kupasulia mawe ya kokoto. Mwaka juzi kijana mmoja alisema, "Ningeenda kwenye stoo ya wanaopasua mawe." Nilimpa chaki aje aandike mbele.

Na useme upungufu pia. Kupiga marufuku kumvua nguva ni rahisi kuandika, jarife halisomi. Mvuvi aliyemnasa bila kukusudia akienda kutoa taarifa anaogopa kukamatwa, kwa hiyo ananyamaza, anamkata vipande usiku. Sheria inayomfanya mkweli aogope inahitaji kusaidiwa na kitu kingine, na kitu hicho pwani ni vikundi vya ulinzi wa rasilimali, BMU. Kama una ndugu Kyela, Matema au Ikombe, unavijua. Ziwa Nyasa vipo. Nilimwalika mjomba wa mwalimu mwenzangu, mjumbe wa BMU, akaja na wavu wa matundu madogo waliomnyang'anya mtu, akawaambia watoto, "Huyu tuliyemkamata ni shemeji yangu. Hatuongei mpaka leo." Hakuna kitabu kitakachofundisha usimamizi shirikishi kuliko sentensi hiyo.

Mfereji wetu unaishia wapi

Chora ramani kubwa kwenye karatasi za manila zilizoungwa. Anza na mfereji ulio karibu na shule, kwa jina wanalouita wenyewe. Kisha mito ya huku: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera. Inaingia Usangu, inakusanyika Ihefu, inatoka kwenye mwamba wa Ng'iriama ikiwa Ruaha Mkuu, inapita hifadhini, Mtera, Kidatu, inaungana na Rufiji, bwawa la Julius Nyerere, halafu delta yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko. Mbele ya delta ni Mafia, na kusini kidogo ni Somanga, kwetu. Maji haya hasa, kati ya delta, Mafia na Kilwa, ndiyo makao ya nguva waliobaki Tanzania.

Watoto wanashangaa. Wengine wananiambia, "Madamu, kumbe ulikuja kwa kufuata maji." Ni kweli, nilipanda mto.

Lakini kuwa mwangalifu hapa, maana mwalimu mwenye shauku huwa anapitiliza. Usiwaambie kwamba dawa ya magugu ya mashamba yetu ya Ubaruku ndiyo inayoua nguva wa Mafia. Njiani kuna mabwawa matatu na bwawa hunasa tope. Sema hili, ambalo ni la hakika: majani ya baharini ni mimea, yanataka jua, na maji yakichafuka mwanga haufiki chini. Mikoko inataka maji baridi ya mto yachanganyike na chumvi kwa kiasi chake. Na Ruaha Mkuu, tangu 1993, imekuwa ikikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na kiboko, yule ndugu wa nyangumi, anabaki kwenye dimbwi la matope. Serikali iliiunganisha Usangu na Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 mwenye mfereji anatakiwa kuwa na kibali. Na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, inayoshika karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, ofisi yake kuu iko Iringa, si Dar es Salaam. Hapo "serikali" inakuwa na mlango ambao mtoto anaweza kuugonga.

Baraza

Mwisho fanya baraza. Mvuvi wa jarife, ofisa uvuvi, mjumbe wa BMU, mama anayekaanga samaki, na nguva mwenyewe. Kesi: mvuvi kamnasa nguva, kamleta ufukweni akiwa amekufa, katoa taarifa. Apewe adhabu au asipewe? Usiwape jibu, mimi mwenyewe kila mwaka nabadilika.

Mwaka jana mvuvi alichezwa na kijana ambaye baba yake alitozwa faini kwa kufungua maji usiku nje ya zamu. Nilijua, na darasa zima lilijua. Alisimama akasema: "Nyinyi mnasema wavu wangu mbaya. Leteni mwingine nibadilishe, leo, mbele ya hawa. Kama hamna mwingine, basi mmekuja kuchukua chakula changu." Aliyecheza ofisa uvuvi alikosa la kusema akaangalia kwangu. Nguva, binti mfupi aliyekuwa ameketi sakafuni amefunikwa kanga, akafunua kichwa akasema, "Na mimi je?" Hiyo haikuwa kwenye maandalizi.

Kama una mtu pwani, maliza kwa simu. Mimi humpigia baba, sasa ni mzee wa miaka themanini na kitu, naweka sauti juu mezani. Aliacha jarife zamani, akahamia mishipi. Watoto wanamwita babu na kumwuliza wanachotaka. Mmoja aliuliza kama nguva hulia akinaswa. Akasema, "Usiku husikii kitu, mjukuu wangu. Asubuhi ndiyo unaona maboya yamezama." Mwingine akauliza kama maji ya mfereji wa Chimala yameshafika Somanga. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Yamefika, ila huku tunayaweka chumvi."

Nunua vocha ya kutosha. Yangu ilikatika hapo.